Waya wa Shaba na Kipimo Kimoja
Mfano wa gari la mashindano mikononi mwa vijana wa Likasi

Mgeni afikaye Likasi hakai siku nyingi pasipo kukutana na gari lisilotumia mafuta wala kuhitaji leseni. Mwendeshaji wake ni mtoto wa miaka minane au kumi. Hukimbia nyuma yake, ameshika usukani ulio mwishoni mwa fimbo ndefu ya waya, na kwa kinywa chake hutoa ngurumo ya mashine. Gari lote limesukwa kwa waya, toka taa za mbele hata mlango wa nyuma, na magurudumu yake yageuka kushoto na kulia kama mwendeshaji apendavyo. Ng'ambo ya mpaka, katika Zambia, watoto hufanya vivyo hivyo. Na katika Malawi magari haya huitwa galimoto.

Wazazi wengi huyatazama wakasema, "Ni michezo ya watoto," kisha hupita. Leo twataka kusema na wazazi hao, na zaidi na ninyi vijana wa shule ambao mmekwisha kutengeneza lori na jipu, na sasa mwatafuta kazi iliyo ngumu zaidi. Neno letu ni hili: mchezo huu ukiongezewa jambo moja tu, yaani kipimo, hugeuka kuwa shule ya ufundi. Na ili tusiseme maneno matupu, tutaeleza namna ya kutengeneza mfano halisi wa gari moja la kale la mashindano, ambalo lafaa sana kwa waya kuliko magari mengine yote.

WAYA WA KATANGA SI WA JANA

Mji wa Likasi ulizaliwa na shaba. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906 ili kuchimba madini ya Katanga, na mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kilianza kusafisha shaba kwa nguvu za umeme. Katika utawala wa Wabelgiji mji uliitwa Jadotville, kwa jina la mkurugenzi Jean Jadot. Mwaka 1966 ukaitwa tena Likasi. Mwaka 1967 serikali ilitwaa mali za kampuni ile, na baadaye likaja jina la Gécamines, ambalo kila nyumba ya Likasi yalijua.

Lakini ufundi wa shaba ni mkongwe kuliko viwanda hivi vyote. Mababu waliyeyusha mawe ya kijani katika matanuru ya udongo, wakamimina shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba. Katika karne ya 19 walikuja Wayeke, watu waliotoka pande za Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, wakiongozwa na Msiri, wakafanya makao Bunkeya, kaskazini ya Likasi. Hao ndio waliosifika kwa kuvuta waya. Walichonga ncha ya ufito wa shaba, wakaipitisha katika tundu la chuma, wakaikamata kwa koleo na kuivuta kwa nguvu za mwili mzima. Kisha wakaupitisha ufito uo huo katika tundu dogo zaidi, tena na tena, mpaka ukawa mwembamba wa kuzungushwa juu ya nyuzi na kufanywa bangili. Jean-Félix de Hemptinne, mmonaki wa Mtakatifu Benedikto aliyeongoza misioni ya Katanga na baadaye kuwa Askofu, alichapisha mwaka 1926 maelezo juu ya wafua shaba wa nchi hii, ambao yeye aliwaita "walaji wa shaba".

Basi mtoto wa Likasi akunjapo waya hafanyi jambo geni. Ni mjukuu aliyeshika kazi ya babu pasipo kujua.

GARI LENYEWE LILIVYO

Gari tunalolisema asili yake ni Marekani. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wa California walikuwa na tabia ya kushindana kwa magari katika barabara za watu, na wengine walikufa au kuua. Ndipo wenye busara walipotafuta mahali penye salama, hasa viwanja vya ndege vilivyoachwa na jeshi. Mwaka 1951 Wally Parks aliunda chama cha kutunga sheria za mashindano hayo, na mwaka 1953 chama kilifanya mashindano yake ya kwanza huko Pomona.

Sheria yenyewe ni rahisi. Magari mawili husimama sambamba. Ishara ikitolewa huondoka pamoja katika njia iliyonyoka, isiyo na kona hata moja, yenye urefu wa robo ya maili, yaani meta 402. Atanguliaye kufika ndiye mshindi, na jambo lote limekwisha kwa sekunde chache.

Kwa kuwa gari hilo halina haja ya kukata kona, wala kubeba abiria, wala kusafiri mbali, mafundi waliliondolea kila kitu kisichosaidia mwendo. Wakaondoa milango, paa, taa na viti vya abiria. Kikabaki kiunzi kirefu cha bomba za chuma, chembamba kama buibui. Mbele magurudumu mawili membamba mfano wa baiskeli, nyuma magurudumu mawili manene yasiyo na meno, ili mpira wote ushike ardhi. Dereva alikaa nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, miguu yake ikipita huku na huku ya gia. Watu wakaliita gari la manati, maana dereva alikaa kama jiwe katika ngozi ya manati.

Injini iliyopendwa sana ilikuwa ya Chrysler, ya silinda nane zilizopangwa mfano wa herufi V, yenye ukubwa wa lita 6.4. Juu yake mafundi walifunga pampu kubwa ya hewa iliyotolewa katika injini za malori na mabasi ya GMC. Petroli waliiacha, wakatumia nitrometani, ambayo huchoma kwa ukali mwingi. Mwaka 1964 Don Garlits, fundi na dereva kutoka Florida, alipita mwendo wa maili 200 kwa saa, yaani kilometa 322. Breki pekee hazikutosha kulisimamisha gari. Ilimpasa kufungua mwavuli nyuma yake.

Lakini gari la manati lilikuwa na kasoro ya hatari: injini na gia zilikuwa mbele ya mtu. Tarehe 8 Machi 1970, huko California, gia za gari la Garlits zilipasuka wakati wa kuondoka. Gari likakatika vipande viwili, na yeye akapoteza sehemu ya mguu wake wa kulia. Akiwa hospitali alianza kuchora gari jingine, lenye injini nyuma ya dereva. Mafundi wengi waliamini kwamba gari la namna hiyo halitakwenda sawasawa. Mwaka 1971 alishinda nalo Pomona, na baada ya miaka michache gari la manati likaachwa na mabingwa.

Twasimulia habari hii kwa sababu yamhusu mtengeneza mfano. Mtu akitaka mfano wa kweli, sharti achague gari moja la mwaka mmoja. Akiweka injini mbele, basi kila kitu kiwe cha kabla ya mageuzi yale. Akiiweka nyuma, kiwe cha baadaye. Anayechanganya miaka ametengeneza gari ambalo halikuwako duniani.

KIPIMO KIMOJA KWA VIUNGO VYOTE

Katika Marekani na Ulaya maduka huuza visanduku vyenye vipande vya plastiki, na kazi ya mnunuzi ni kubandika na kupaka rangi. Mifano hiyo mara nyingi ni ya kipimo cha moja kwa ishirini na tano. Asiye na kisanduku asisikitike. Gari la manati ni mifupa ya bomba tupu, na waya mnene kwa umbo ni bomba dogo. Magari mengine ya waya huwa ni picha ya gari. Hili laweza kuwa gari lenyewe lililopunguzwa.

Sisi twashauri kipimo cha moja kwa kumi, kwa kuwa hesabu yake ni kusogeza nukta tu. Tazameni mfano huu wa gari la mwisho wa miaka ya 1960:

Toka ekseli ya mbele hata ya nyuma: sentimita 508, katika mfano 50.8.
Kimo cha gurudumu la nyuma: karibu sentimita 76, katika mfano 7.6.
Upana wa tairi la nyuma: karibu sentimita 25, katika mfano 2.5.
Unene wa bomba kubwa za kiunzi: milimita 30 hadi 40, katika mfano waya wa milimita 3 hadi 4.
Kimo cha dereva: sentimita 170; katika mfano 17.

Dereva huyo msimwache. Mchongeni kwa mti au mfinyangeni kwa udongo, maana yeye ndiye shahidi wa kipimo. Asipoenea katika kiti chake, au akizama humo kama mtoto katika kiti cha babu, mjue kuna kosa mahali. Na hata njia ya mashindano yapimika: meta 402 zikigawanywa kwa kumi ni meta 40 na sentimita 20, urefu unaopatikana katika uwanja wowote wa shule.

Walimu wa hesabu waweza kuwauliza wanafunzi wao swali jingine. Gari la manati lilikuwa na uzito wa karibu kilo 600. Je, mfano wa moja kwa kumi utakuwa na kilo 60? La, hasha. Urefu umegawanywa kwa kumi, upana kwa kumi, na kimo kwa kumi. Kwa hiyo uzito, vitu vikiwa vya namna ile ile, hugawanywa kwa elfu. Jibu ni gramu 600 tu. Mfano wenu ukizidi hapo msishangae: shaba ni nzito kuliko chuma, tena waya haukutobolewa ndani kama bomba.

KAZI YENYEWE

Kwanza chora. Chukua karatasi kubwa, chora gari kwa ukubwa ule ule wa mfano, mara moja likionekana kwa ubavu na mara moja likitazamwa toka juu. Picha za magari ya zamani hupatikana leo hata katika simu. Andika kila kipimo kando ya mchoro. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo na vipimo.

Pili, bandika mchoro juu ya ubao, upigilie misumari midogo kando ya mistari ya kiunzi. Waya utakaopita kati ya misumari hiyo hautaweza kwenda upande. Ukitumia ubao uo huo kwa ubavu wa kushoto na wa kulia, mbavu zote mbili zitakuwa sawa, na gari halitachechemea.

Tatu, lainisha shaba. Shaba ikikunjwa mara nyingi huwa ngumu, na ukizidi kuilazimisha hukatika. Ipashe moto mpaka iwe nyekundu, kisha itie katika maji, nayo itakuwa laini tena. Hapa shaba hutofautiana na chuma cha kutengenezea visu, ambacho kikitoka motoni na kutiwa majini huwa kigumu. Ili kuunyosha waya, funga ncha moja katika jiliwa, shika ncha ya pili kwa koleo, na uvute kwa nguvu mara moja.

Nne, unga viungo. Vijana wengi hufunga kiungo kwa waya mwembamba, na kazi hiyo ni imara. Lakini kwa mfano wa kipimo ni afadhali kulehemu, ili kiungo kisiwe na kifundo ambacho gari la kweli halina. Safisha shaba kwa msasa mpaka ing'ae, upashe moto shaba yenyewe, na lehemu itatiririka mahali pake. Fanya hivyo nje penye hewa, na unawe mikono kabla ya kula, kwa kuwa lehemu nyingi zina risasi ndani yake.

Tano, magurudumu. Kandambili zilizochakaa hutoa tairi nzuri za nyuma. Kwa kuwa tairi za gari hili hazikuwa na meno, raba laini ndiyo itakiwayo. Kata miviringo, ibandike miwili pamoja, itoboe katikati, uzungushe juu ya msumari na kusugua kwa msasa mpaka iwe duara kamili. Magurudumu ya mbele yafanywe kwa waya, na njiti zake kwa waya mwembamba kabisa.

Sita, injini. Hapa ndipo mvumilivu hujulikana. Chonga kwa mti mwepesi mbavu mbili za silinda, nne huku na nne huku, na juu yake sanduku la pampu ya hewa. Bomba nane za moshi zipinde kwenda juu na nyuma, kila moja ikifanana na mwenzake. Kutoka katika kifaa cha cheche vuta waya nane nyembamba, kila mmoja kwa silinda yake. Silinda za injini ile ya Chrysler huwaka kwa utaratibu wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Mwanafunzi aufuatao utaratibu huo katika kupanga waya zake atakuwa ameanza kuelewa injini zote za barabarani.

Mwisho weka kiti, tanki na ukuta wa kumkinga dereva na moto, vyote kwa bati la makopo. Kingo zake zisuguliwe kwa tupa zisikate vidole. Mfukoni mwa nyuma ukunje mwavuli wa kitambaa. Rangi ipakwe nyembamba, mara mbili au tatu, wala si nzito mara moja. Kazi hii yote haiishi kwa Jumapili moja. Haraka haraka haina baraka.

WAYA UMETOKA WAPI?

Sasa twafikia neno zito kuliko yote. Katika mji wa shaba, waya uko kila mahali: juu ya nguzo, chini ya ardhi, kando ya reli, ndani ya mitambo. Na kila mtu ajua kwamba shaba yauzika. Kila mara husikika kwamba kebo imekatwa mahali fulani. Aikataye hupata fedha za siku chache; lakini mtaa mzima huingia gizani, pampu ya maji husimama, na katika chumba cha wagonjwa daktari huwasha tochi. Wengine hawakurudi nyumbani, kwa kuwa umeme haumwulizi mtu umri wake.

Kijana mwenye mfano mzuri wa gari ataulizwa na wenzake, "Waya huu umeupata wapi?" Na awe na jibu la kutamka kwa sauti kubwa mbele ya baba yake na jirani zake. Waya halali hupatikana. Mafundi wanaosuka mota upya huwa na waya wa zamani walioutoa. Mafundi wa umeme wa nyumba hubakiza vipande vifupi. Kwenye karakana za magari mna kebo zilizokufa. Nenda, bisha hodi, sema ni kwa kazi gani, na ulipe kile unachoambiwa, au umsaidie fundi kufagia jioni mbili. Mara nyingi fundi atakupa waya, na pamoja na waya atakupa maarifa, ambayo ni bora zaidi.

Tena msichome kebo ili kupata shaba iliyo ndani. Plastiki ya waya ikiungua hutoa asidi iunguzayo mapafu, na sumu ya dioksini ambayo hukaa muda mrefu katika udongo na katika mwili wa mtu. Watoto wachanga wa jirani huvuta moshi huo, nao hawana gari la kuonyesha. Pasueni ganda kwa kisu, taratibu, mkikata kuelekea mbali na mkono. Kwa mfano mmoja wa gari, kazi hiyo si zaidi ya saa moja.

KWA WAZAZI

Kuna baba amkutaye mwanawe na waya akaukunja na kuutupa, akisema, "Kasome!" Twamwomba atazame kwanza. Akiona karatasi yenye vipimo, rula na kalamu ya risasi, ajue kwamba mtoto yu katika masomo. Anagawanya desimali, anajifunza tabia za metali, anasoma picha na kuigeuza kuwa kitu. Fundi mitambo hutakiwa ajue mambo hayo hayo siku ya kwanza ya kazi yake. Ni vema zaidi mtoto kuumiza kichwa juu ya nusu milimita nyumbani kuliko kuteremka katika mashimo ya madini, ambamo watoto wa Katanga wamezikwa wangali hai.

Binti naye asifukuzwe. Vidole vilivyozoea kusuka nywele kwa usawa vyaweza kusuka njiti za gurudumu pasipo kukosea.

Na mama au baba asiyejua neno moja juu ya magari aweza kusaidia kwa njia hii: achukue rula, apime gurudumu la kushoto na la kulia, aulize, "Mbona hili limezidi?" Mtoto atakasirika kidogo, atalifungua gurudumu, atalisugua tena kwa msasa, na mara ya pili ataleta mwenyewe rula pamoja na kazi.